Mabawabu wa Nyumba ya Bwana

Wengi wetu tukifika kwenye Kitabu cha Kwanza cha Mambo ya Nyakati huruka kurasa. Majina ni mengi, fulani mwana wa fulani, mpaka ulimi unachoka. Lakini katikati ya majina hayo wamo watu ambao bila wao malango ya nyumba ya Bwana kule Yerusalemu yasingefunguliwa asubuhi. Hao ndio mabawabu, yaani walinzi wa malango.

Hawakuwa wachache. Daudi alipowahesabu Walawi akawapata 38,000, aliwaweka 4,000 kuwa mabawabu, idadi ile ile aliyoiweka kumsifu Bwana kwa vinanda. Malango waligawana kwa kura, mdogo sawasawa na mkubwa, kila jamaa na lango lake. Upande wa mashariki walisimama Walawi 6 kila siku, kaskazini 4, kusini 4, na penye ghala wawili wawili. Ndugu zao waliokaa vijijini walikuja kwa zamu za siku 7.

Tusidhani kazi yao ilikuwa kusimama tu na kutazama wapitao. Wakuu wao 4 walikabidhiwa vyumba na hazina za nyumba ya Mungu. Walilala kandokando yake, na kila asubuhi wao ndio waliofungua. Walawi wengine walivihesabu vyombo vya ibada vilipotoka na vilipoingia. Kuhani Yehoyada alipolirejesha taifa kwa Bwana baada ya utawala wa Athalia, aliweka mabawabu malangoni ili asiingie mtu aliye najisi. Na siku za mfalme Hezekia, sadaka za hiari za watu ziliwekwa chini ya Kore, bawabu wa lango la mashariki. Yeye na wenzake waliwagawia ndugu zao mijini, wakubwa kwa wadogo. Mtu huwapa fedha za wengi wale tu anaowaamini.

Sasa tuulize: walitoka wapi watu hawa? Hapo ndipo zile orodha za majina zinapoanza kusema. Shalumu, mkuu wa mabawabu, alikuwa mwana wa Kore, mwana wa Ebiasafu, mwana wa Kora. Jina hilo la Kora tunalijua. Katika kitabu cha Hesabu, Kora aliinuka jangwani kinyume cha Musa na Haruni. Alikuwa Mlawi wa ukoo wa Kohathi, waliobeba vyombo vitakatifu kwa mabega yao. Kazi hiyo haikumtosha. Aliutaka na ukuhani. Nchi ilipasuka ikawameza waasi, na watu 250 waliofukiza uvumba pamoja naye wakateketea kwa moto. Lakini kitabu hicho hicho, sura 10 mbele, kinaongeza neno dogo ambalo ni rahisi kulipita: wana wa Kora hawakufa.

Mungu hakuwafuta. Aliwapa mlango. Yule mzee alitaka kuingia mahali asipoitwa. Uzao wake ukawekwa kulinda mahali pa kuingilia, ili wengine waingie kwa utaratibu na kwa usalama. Hata Zaburi ya 84, iliyo na jina la wana wa Kora, inakipenda kizingiti cha nyumba ya Mungu kuliko makao yoyote kati ya waovu. Tunaweza kuisoma zaburi hiyo kama unyenyekevu mzuri tu. Tukikumbuka habari za Kora, tunasikia ndani yake shukrani ya jamaa iliyosamehewa.

Heshima hiyo ilikuwa na gharama. Yapata mwaka 586 K.K., Wababeli walipoiteketeza Yerusalemu, waliwakamata kuhani mkuu Seraya, kuhani wa pili Sefania, pamoja na walinzi 3 wa mlango. Wote walipelekwa Ribla, wakauawa mbele ya mfalme wa Babeli. Adui aliwahesabu walinzi wa mlango pamoja na wakuu wa hekalu. Na watu waliporudi kutoka uhamishoni kwa ruhusa ya Koreshi, Ezra anaandika kwamba mabawabu waliorudi walikuwa 139. Kutoka 4,000 wakabaki 139, na hao 139 walirudi kwenye malango yaliyoungua.

Maandiko yanatuonyesha pia jinsi watu wa Mungu walivyowatunza watumishi hawa, na jinsi walivyowasahau. Katika Pasaka kuu ya mfalme Yosia, mabawabu hawakuhitaji kuacha malango yao. Ndugu zao Walawi waliwaandalia sehemu yao ya Pasaka pale pale walipokuwa. Lakini Nehemia aliporudi Yerusalemu mara ya pili alikuta mengine. Chumba kikubwa cha kuwekea zaka za Walawi, waimbaji na mabawabu kilikuwa kimepewa Tobia awe na makao yake. Walawi na waimbaji hawakupata sehemu zao, kila mtu akakimbilia shambani kwake. Je, tunashangaa kwamba sura hiyo hiyo inatuonyesha bidhaa zikiingia mjini siku ya Sabato, na watu wa Tiro wakiuza samaki? Nehemia ilimbidi aweke vijana wake malangoni, kisha akawaamuru Walawi wajitakase, waje kuyalinda. Lakini kwanza alikuwa amezirudisha zaka ghalani.

Ndugu zetu, sisi nasi tuna mabawabu. Yupo aliyefungua lango la kanisa kabla ya kengele ya kwanza. Wapo wazee wanaotupokea mlangoni na kumtafutia mgeni nafasi ya kukaa. Yupo mlinzi ambaye, sisi tukiwa ndani tunaimba, yeye yuko nje juani akiangalia pikipiki na magari yetu. Mara nyingine jina lake hatulijui, na mshahara wake ndio wa kwanza kucheleweshwa sadaka inapopungua.

Basi tunapojiandaa kwa Meza ya Bwana, tujiulize swali la siku za Yosia. Aliyeko langoni, nani atampelekea sehemu yake? Nani atashika zamu yake kwa nusu saa, ili naye aingie, apige magoti pamoja nasi?