Jenereta kwenye gari-nyumba la zamani: Chagua hivi, funga hivi, ulale salama

Gari-nyumba la miaka ya 1970 likishapigwa rangi na viti kushonwa upya, kinachobaki kuwasumbua wenyewe ni umeme. Wengi hukimbilia kuuliza: ninunue jenereta ya kilowati ngapi? Kuna swali la kujibu kabla ya hilo. Moshi wake utatokea wapi, na nini kitauzuia usirudi ndani mnakolala?

Jenereta ya petroli hutoa kaboni monoksaidi, gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani huku madirisha yamefungwa. Haina rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu hukamata nafasi ya oksijeni kwa nguvu ya zaidi ya mara 200. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyelala anaweza asiamke kabisa.

Haya ndiyo mambo ya kuangalia, hatua kwa hatua.

Kwa nini gari la zamani lina shida yake

Chukua mfano wa GMC Motorhome, gari-nyumba lililotengenezwa Marekani na General Motors kuanzia 1973 hadi 1978. Mnunuzi aliyelipia nyongeza alipata jenereta ya Onan ya kilowati 4 au 6, ikiwa imefungwa kwenye sanduku lake ndani ya bodi.

Magari hayo sasa yana karibu miaka 50. Kutu imekula vyuma, mipira ya kuziba imekauka, na mafundi waliopita wametoboa matundu ya waya wakayaacha wazi. Ukiweka jenereta mpya kwenye sanduku bovu, hatari iko palepale.

Piga hesabu ya wati kwanza

Orodhesha vitu utakavyowasha kwa wakati mmoja. Kwa gari la kawaida la Marekani, hesabu huwa karibu hivi:

- Kiyoyozi kimoja cha BTU 13,500: wati 1,500
- Maikrowevu: wati 1,500
- Chaja ya betri: wati 500
- Friji: wati 300

Jumla ni wati 3,800. Hapo jenereta ya kilowati 4 inatosha, ila kwa kubanana. Ukizima maikrowevu wakati kiyoyozi kinawaka, unabaki na nafasi nzuri.

Mtego uko kwenye kuwaka. Kompresa ya kiyoyozi inapoanza huvuta umeme kama mara mbili ya ule wa kawaida, kwa muda mfupi tu. Jenereta ndogo huzimikia hapo. Kuna kifaa cha kulainisha uwakaji kinachofungwa kwenye kiyoyozi ili kupunguza mvuto huo, na mara nyingi ni nafuu kuliko kununua jenereta kubwa zaidi.

Angalia pia nyaya. Magari mengi ya zamani yana mfumo wa ampea 30. Kwa volti 120 za Marekani, hiyo ni wati 3,600 tu. Kununua jenereta ya kilowati 6 na kuiunganisha kwenye nyaya hizo bila kubadili chochote ni kupoteza pesa, na ukikosea fyuzi unaweza kuunguza gari.

Usisahau milima

Hewa ikiwa nyepesi, injini hupoteza nguvu. Kadirio la kawaida ni asilimia 3.5 kwa kila mita 300 za mwinuko. Denver, Marekani, iko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Jenereta ya wati 4,000 ikifika huko hubaki na kama 3,250. Nairobi iko juu zaidi ya Denver, kwa hiyo hesabu hii inawahusu hata walioko Kenya.

Petroli, dizeli au gesi?

Kanuni rahisi: tumia mafuta ambayo gari tayari linatumia. Gari la petroli lipate jenereta ya petroli, la dizeli lipate ya dizeli. Unakuwa na tangi moja la kujaza.

Jenereta ya gesi huwaka safi na haina kabureta ya kuziba kwa petroli iliyolala. Shida ni kwamba inakula mtungi uleule wa kupikia, na inaukula haraka.

Vipi zile ndogo za kubeba mkononi? Honda EU2200i, kwa mfano, ina kilo kama 21 na hutoa wati 1,800 mfululizo. Ni nzuri kwa taa, chaji na kahawa. Lakini imetengenezwa kufanya kazi nje, kwenye hewa ya wazi. Kuifungia ndani ya sanduku la gari ni kosa kubwa: itapata joto kupita kiasi, na moshi utatafuta njia ya kuingia ndani.

Kuifunga: mambo matano ambayo fundi asiruke

1. Sanduku. Liwe la chuma kisicho na kutu, na uzito ubebwe na fremu ya gari, si mbao za sakafu. Jenereta ya aina hii inaweza kuwa na kilo 80 au zaidi, na inatikisika njia nzima. Acha nafasi ya hewa ya kupooza kama kitabu cha mtengenezaji kinavyosema. Usikadirie kwa macho.

2. Kuziba. Kila tundu kati ya sanduku na ndani ya gari lizibwe, hata la waya mmoja. Kuna kipimo rahisi: usiku, weka tochi kali ndani ya sanduku, funga mlango wake, kisha ingia garini na uzime taa zote. Ukiona mwanga popote, moshi nao utapita hapo. Usipoona kitu, bado hujapata ruhusa ya kuachana na king'ora.

3. Eksozi. Bomba litokeze nje kabisa ya ukingo wa bodi. Lisiishie chini ya gari, wala chini ya dirisha, mlango au tundu la hewa. Kwenye misitu ya taifa ya Marekani unatakiwa pia kuwa na kizuia cheche kwenye bomba hilo.

4. Mafuta. Petroli ya sasa ya Marekani mara nyingi ina ethanoli, na ethanoli hulainisha na kupasua mipira ya zamani. Badilisha mipira yote ya mafuta. Bomba la jenereta kwenye tangi nalo lisifike chini kabisa: likiishia kwenye robo ya tangi, jenereta itazima yenyewe na utabaki na mafuta ya kuondokea.

5. Umeme. Lazima kuwe na swichi ya kubadilisha chanzo, ili umeme wa jenereta na ule wa kambini visikutane hata sekunde moja. Waya wa nyutro na wa ethi huunganishwa kwenye jenereta, si kwenye boksi la fyuzi la gari. Ikikosewa hapo, bodi nzima ya gari inaweza kuwa na shoti. Kazi hii mpe fundi umeme anayejua magari-nyumba.

Sola si bora?

Kwa taa, simu, feni na friji ndogo, sola na betri vinatosha na havina moshi. Kiyoyozi ndicho kinachobadili hesabu. Betri ya lithiamu ya volti 12.8 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,280. Kiyoyozi cha wati 1,500 huimaliza ndani ya saa moja. Wengi huchanganya: sola kwa usiku na asubuhi, jenereta kwa mchana wenye joto.

Ukilileta gari Afrika Mashariki

Umeme wa Marekani ni volti 120 na hezi 60. Kenya na Tanzania hutumia volti 230 hadi 240 na hezi 50. Jenereta ya gari itaendelea kuwasha vifaa vyake vya Kimarekani bila shida. Balaa huja ukichomeka gari hilo kwenye soketi ya nyumbani bila transfoma: vifaa vitaungua.

Baada ya kufunga

- Washa jenereta angalau saa 2 kila mwezi ikiwa na mzigo wa nusu. Inayokaa bila kuwashwa huziba kabureta.
- Fuata saa za kimya za kambi. Hifadhi za taifa za Marekani zina kikomo cha desibeli 60, umbali wa futi 50.
- Weka king'ora cha kaboni monoksaidi karibu na kitanda. Soma tarehe nyuma yake, maana nacho huisha muda.
- Gari likiegeshwa karibu na ukuta, au jenereta ya jirani ikiwa upande wa upepo, moshi hurudi hata kama bomba lako ni zuri.

Na kabla ya kulala, zima jenereta. King'ora kikilia, toeni watu wote nje kwanza. Kutafuta kilichokiwasha ni kazi ya baadaye.