Urithi wa wazazi wengi (programu)

Urithi wa wazazi wengi ni utaratibu wa kuandika programu za kompyuta ambao unaruhusu klasi moja kurithi sifa na mbinu za klasi mbili au zaidi kwa pamoja. Klasi inayorithiwa huitwa klasi mzazi, na inayorithi huitwa klasi mtoto. Utaratibu huo unapatikana katika lugha za programu kama C++ na Python. Java, iliyotolewa mwaka 1995, inairuhusu klasi kuwa na klasi mzazi moja tu.

Tatizo la almasi

Tatizo hutokea pale ambapo wazazi wawili wana mzazi mmoja. Kwa mfano, Simu na Kamera zote zinarithi kutoka Kifaa, halafu SimuKamera inarithi kutoka Simu na Kamera. Klasi hizo nne zikichorwa, zinafanya umbo la almasi.

Tuseme kila klasi ina mbinu iitwayo washa. Kama SimuKamera inaita mbinu ya kila mzazi kwa jina lake, na kila mzazi anaita ile ya Kifaa, basi mbinu ya Kifaa itatekelezwa mara mbili. Ikiwa mbinu hiyo inaongeza hesabu, jibu litakuwa na kosa.

Kuita klasi mzazi katika Python

Python hutumia super() ili kuepuka kurudia huko:

class Kifaa:
    def washa(self):
        print("Kifaa")

class Simu(Kifaa):
    def washa(self):
        print("Simu")
        super().washa()

class Kamera(Kifaa):
    def washa(self):
        print("Kamera")
        super().washa()

class SimuKamera(Simu, Kamera):
    pass

Amri SimuKamera().washa() itaandika Simu, Kamera, Kifaa, kila neno mara moja. Hapa super() ndani ya Simu haikuita Kifaa, ingawa ndiye mzazi wake, bali Kamera. Maana yake ni kwamba super() huita klasi inayofuata katika foleni ya urithi wa kipengee kinachohusika, si lazima mzazi. Simu ikiacha kutumia super(), mnyororo unakatika, na mbinu za Kamera na Kifaa hazitekelezwi.

Mpangilio wa foleni

Tangu toleo 2.3 la mwaka 2003, Python hupanga foleni kwa kanuni ya C3, iliyotangazwa mwaka 1996 kwa ajili ya lugha ya Dylan. Mtoto hutangulia mzazi, na wazazi hufuata mpangilio ulioandikwa. Kwa sababu hiyo class Jaribio(Kifaa, Simu) hukataliwa: Kifaa hakiwezi kutangulia Simu inayokirithi.