Unyevu chini ya ngozi: historia fupi ya kuwinda vidonda vya kulalia

Leo tuweke kando simu na tovuti, tuingie wodini.

Nyanya yangu alipopooza upande mmoja, muuguzi alimfundisha mama mambo mawili: amgeuze kila baada ya saa mbili, na kila asubuhi akague visigino na kiuno. Ukiona wekundu, sema haraka. Wekundu! Ngozi ya nyanya ilikuwa nyeusi ti. Mama hakuuona wekundu hata siku moja. Alichokiona ni kidonda, kikiwa tayari kimefunguka. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza: hivi wekundu huo uliandikiwa ngozi ya nani?

Haya, turudi nyuma. Katika miaka ya 1850, Brown-Séquard aliwakata simbilisi uti wa mgongo, kisha akaona kwamba wale waliowekwa safi, wakavu na bila kugandamizwa hawakupata vidonda. Mwaka 1859 Florence Nightingale naye aliandika kwamba kidonda cha kulalia mara nyingi ni kosa la uuguzi, si la ugonjwa. Lakini Paris, daktari maarufu Jean-Martin Charcot alifundisha kwamba kwa aliyepooza, vidonda hivyo huletwa na kuharibika kwa neva zenyewe. Kama ni hivyo, kumgeuza mgonjwa kuna faida gani? Fikra ya mtu mkubwa ikikosea, wanaoumia ni wadogo.

Mwaka 1944, Ludwig Guttmann, daktari aliyekuwa amekimbia Ujerumani ya Hitler, alianza kazi katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Alisisitiza wagonjwa waliovunjika uti wa mgongo wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Amri ya mama ilitoka mbali.

Sasa inakuja sehemu tunayoielewa sisi waandika programu. Mwaka 1962 Doreen Norton na wenzake walitoa mizani ya kukadiria hatari: mambo matano, kila moja alama 1 hadi 4, jumla 5 hadi 20. Alama zikipungua, hatari inapanda. Ni algorithimu kamili, inayoendeshwa kwa kalamu! Mwaka 1987 ikachapishwa mizani ya Barbara Braden na Nancy Bergstrom, yenye mambo sita, na moja kati yao ni unyevu.

Angalia hapo vizuri. Unyevu wa Braden ni wa juu ya ngozi: jasho na mkojo. Unyevu mwingine uko ndani. Nyama ikigandamizwa muda mrefu, seli huumia, mwili huanza kujitetea, na mishipa midogo ya damu huvujisha maji. Maji hayo hukusanyika chini ya ngozi kabla jicho halijaona chochote.

Utayapimaje? Kwa umeme. Maji huathiri uga wa umeme kuliko mafuta au nyama kavu, kwa hiyo kihisio kikigusa ngozi hupima uwezo wa sehemu hiyo kuhifadhi chaji. Kioo cha simu yako hutambua kidole kwa kanuni iyo hiyo. Katika miaka ya 2000, Barbara Bates-Jensen wa UCLA, Marekani, alipima unyevu huu kwa wazee katika nyumba za kuwatunzia, na mwaka 2009 akatoa matokeo ya awali kuhusu wenye ngozi nyeusi hasa. Mwezi Desemba 2018, FDA ya Marekani ikaruhusu skana ya SEM ya kampuni ya Bruin Biometrics.

Kilichonifurahisha ni hesabu yake. Muuguzi hupima sehemu kadhaa kuzunguka kisigino, kisha kifaa hutoa kipimo cha chini kutoka kile cha juu. Tofauti ikifika 0.6, ni onyo. Mgonjwa halinganishwi na ngozi ya Mzungu wala ya mtu yeyote. Analinganishwa na yeye mwenyewe. Rangi haihojiwi.

Je, tatizo limekwisha? Bado. Mwaka 2020 NICE ya Uingereza ilisema kifaa kinatia matumaini, lakini ushahidi haukutosha kukipendekeza kitumike kila mahali. Tena onyo haligeuzi mtu. Skana ikilia katika wodi yenye muuguzi mmoja na wagonjwa arobaini, nani atamgeuza mgonjwa?

Kwa hiyo ukipewa kazi ya kuandika programu ya hospitali, uliza kwanza: data hii ilitoka kwa nani, na onyo likitokea kuna mikono ya kulifanyia kazi? Nyumbani kwetu mikono ilikuwepo, mikono ya mama, iliyoamka kila baada ya saa mbili. Alichokosa ni ishara iliyoandikiwa ngozi ya mama mkwe wake.