Chuma, Nanga na Riwaya ya Vijana: Mazingatio ya Kihistoria kutoka Bukoba

Mfululizo wa riwaya za visa vya kusisimua si jambo geni katika Kiswahili. Muhammed Said Abdulla alimtumia Bwana Msa katika riwaya kadhaa tangu Mzimu wa Watu wa Kale. Elvis Musiba alimbuni Willy Gamba, naye Ben Mtobwa akamleta Joram Kiango. Hata hivyo, mfululizo wa aina hiyo unaowalenga vijana na kujengwa juu ya sayansi haukustawi. Aghalabu hudaiwa kwamba utanzu huo ni wa kigeni. Insha hii inapinga dai hilo kwa ushahidi wa Kagera, ikimzingatia kijana msomaji wa Miembeni, kata ya mji wa Bukoba.

Kwanza, sayansi yenyewe si ngeni katika mazingira ya kijana huyo. Kusini mwa Bukoba, Katuruka na kandokando ya Ghuba ya Kemondo, mwanaakiolojia Peter Schmidt alifukua mabaki ya uyeyushaji wa chuma wa zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Wazee wa Kihaya waliokumbuka kazi hiyo walijenga upya matanuru mbele ya watafiti. Mwaka 1978, Schmidt na Donald Avery walieleza katika jarida la Science kwamba mirija ya udongo iliyoingizwa ndani ya tanuru ilipasha hewa ya mivukuto kabla haijaufikia moto, na kwamba chuma cha pua kilipatikana. Wataalamu wengine wamebishia upashaji huo wa hewa; ustadi wa wahunzi hao haubishiwi.

Pili, umbo la kisanaa lilikuwepo. Wahaya wana tendi zinazoimbwa kwa nanga, ambamo shujaa hupambana na nguvu zinazomzidi. Mugyabuso Mulokozi, mwandishi mwenye asili ya Kagera, alizifanyia tendi hizo utafiti wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ndiye pia aliyeandika Ngome ya Mianzi, Ngoma ya Mianzi na Moto wa Mianzi, riwaya tatu za vijana kuhusu Uhehe wakati wa vita na Wajerumani.

Riwaya hizo ni za kihistoria, lakini vita vinavyosimuliwa viko karibu mno na kiini cha bunilizi ya sayansi: jamii inavamiwa na wageni wenye silaha ambazo yenyewe haina. Kalenga ilianguka mwaka 1894. Mwaka 1898, Mkwawa alipojiua ili asitiwe mbaroni, ndio mwaka ambao H. G. Wells alichapisha kitabuni The War of the Worlds, ambamo Waingereza ndio wanaovamiwa. Wells alilibuni tukio ambalo Uhehe ililipitia.

Ikiwa maarifa na umbo vilikuwepo, kilichokosekana ni nini? Jibu linaloelekea kuwa na uzito zaidi ni lugha ya shule. Katika shule za serikali, mtoto wa Miembeni hujifunza sayansi kwa Kiswahili katika elimu ya msingi. Afikapo kidato cha kwanza, sayansi hiyo humjia kwa Kiingereza. Umri ambao riwaya ya kisayansi ingemnasa ndio umri ambao lugha yake hutengwa na maabara. Si kwamba msamiati haukuwepo: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, alikofanya kazi Mulokozi, ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Maneno yalichapishwa; darasa la kuyatumia halikufunguliwa.

Inaweza kupingwa kwamba Katama Mkangi, katika Walenisi (1995), alimrusha mhusika wake kwa chombo hadi ulimwengu mwingine bila kuzuiwa na lugha. Ni kweli, lakini riwaya hiyo ni istiari ya kisiasa na haikufuatiwa na mfululizo wa vijana. Inathibitisha uwezo wa Kiswahili. Haithibitishi kuwepo kwa hadhira iliyoandaliwa.

Kwa hiyo, pengo hili lisihesabiwe kuwa upungufu wa ubunifu wa Waswahili. Ni matokeo ya uamuzi wa kielimu, na uamuzi hubadilishwa. Mhakiki anayeuita utanzu huu wa kigeni anamnyima kijana wa Bukoba urithi wa matanuru yaliyowaka karibu na kwao.