Jina la Cohen na Ukoo wa Makuhani

Wasomaji wetu, neno "kuhani" mmelisikia tangu utoto, maana linarudi mara nyingi katika masomo ya Misa. Kiswahili kililipokea kwa Waarabu, ambao husema kahin, ingawa kwao wa zamani maana yake ilikuwa mpiga ramli. Na Waebrania, ambao lugha yao na Kiarabu ni lugha ndugu, husema kohen. Basi yule Myahudi aitwaye Cohen, awe fundi wa saa huko Paris au mwuza nguo huko New York, anaitwa Bwana Kuhani. Jina lake limekaa vinywani mwetu siku zote, nasi hatukulitambua.

Watu wenye jina hilo wametawanyika duniani kote. Wakikutana safarini huulizana: Je, sisi ni ndugu? Tumetaka kulifuata swali hili, kwa sababu si swali la kupoteza wakati. Baada ya vita ya 1939-1945 walikuwapo Wayahudi wengi ambao hawakubakiwa na nyumba, wala picha, wala kaburi la mzee wao. Walibakiwa na jina tu, wakatafuta jamaa zao kwa jina hilo.

Tuanze mwanzoni. Kitabu cha Kutoka kinaeleza jinsi Haruni, kaka yake Musa, alivyowekwa kuwa kuhani pamoja na wanawe. Ukuhani wa Agano la Kale haukuchaguliwa na mtu, wala haukusomewa seminarini. Ulitoka kwa baba ukaenda kwa mwana. Ndiyo maana Mtakatifu Luka, alipotaka kutujulisha wazazi wa Yohane Mbatizaji, alianza na ukoo: Zakaria alikuwa wa zamu ya Abia, na Elizabeti alikuwa wa uzao wa Haruni.

Na swali la jina na damu lilikuwapo tayari siku zile. Kitabu cha Ezra kinasimulia juu ya watu waliorudi kutoka uhamishoni Babeli. Baadhi yao walijiita makuhani. Wakatafuta majina yao katika orodha ya vizazi, wasiyaone, wakaondolewa katika ukuhani. Mmojawapo wa mababu zao alikuwa ameoa binti wa Barzilai, Mgileadi, akaitwa kwa jina la wakwe zake. Jina la kuazima likaleta mashaka kwa wajukuu! Baadaye Yosefo, mwandishi wa karne ya kwanza ambaye mwenyewe alikuwa kuhani, aliandika kwamba hata makuhani waliokaa Misri na Babeli walipeleka Yerusalemu majina ya wake zao pamoja na ya wazazi wao, yapate kuandikwa.

Mwaka wa 70 majeshi ya Tito yaliliteketeza Hekalu. Sadaka zikaisha. Lakini ukoo haukuisha, kwa kuwa baba alimwambia mwanawe, "Wewe ni kohen," naye akamwambia wake. Hata leo Wayahudi washika dini humwita kohen kwanza wakati wa kusoma Torati katika sinagogi. Ndiye anayewabariki watu kwa mikono iliyonyoshwa, kwa maneno ya kitabu cha Hesabu. Ndiye pia anayepokea sarafu tano za fedha kwa ajili ya kumkomboa mtoto wa kiume mzaliwa wa kwanza. Haruhusiwi kumwoa mwanamke aliyeachwa, wala kukaribia maiti, isipokuwa ya jamaa zake wa karibu. Akifa, mara nyingi jiwe la kaburi lake huchorwa mikono miwili ya baraka. Ukiingia katika makaburi ya Kiyahudi huko Ulaya, mikono hiyo utaiona hata pale ambapo maandishi yamefutika.

Lakini angalieni: kohen kwa muda mrefu kilikuwa cheo tu, hakikuwa jina la jamaa. Mtu aliitwa Yosefu mwana wa Yakobo, na baada yake wakaongeza "kohen". Wayahudi wa Hispania na wa Italia walikuwa na majina ya jamaa tangu zamani. Wale wa Ujerumani na Poland wengi wao waliitwa kwa jina la baba, kama ilivyo desturi ya makabila mengi, mpaka serkali zilipoingilia. Kaisari Yosefu II wa Austria alitoa amri mwaka wa 1787, Urusi mwaka wa 1804, Napoleon mwaka wa 1808. Waliwaamuru Wayahudi wawe na jina lisilobadilika, ili kodi, jeshi na mahakama vijue nani ni nani. Sisi wa Congo hatushangai. Mwaka wa 1972 tuliona jinsi amri ya siku moja inavyoweza kubadili majina ya nchi nzima.

Hapo ndipo cheo kilipogeuka jina, na kila karani akaliandika kama alivyolisikia. Huku Cohen, huku Cahen, huku Kahn, na kwa Waitalia Coen. Warusi hawana herufi ya "h", wakaweka "g", likawa Kogan au Kagan. Wengine walichukua Kaplan, neno la Ulaya lenye maana ya padri msaidizi. Wengine Katz, nao hudhaniwa kuwa wameitwa paka, kwa sababu paka kwa Kijerumani ni Katze. Sivyo. Katz ni herufi za mwanzo za maneno mawili ya Kiebrania, kohen tsedek, yaani kuhani wa haki. Na waliovuka bahari kwenda Marekani, wengine walilikata au kuligeuza jina, ili lisikike kama la wenyeji.

Kwa hiyo ndugu wawili wa tumbo moja waweza kuacha wajukuu wanaoitwa Kagan na Kahn, wasijuane. Na kinyume chake, Cohen wa Moroko na Cohen wa Ujerumani waweza kuitana ndugu mchana kutwa, wala hakuna karatasi itakayowakutanisha katika miaka elfu iliyopita.

Wataalamu wamejaribu kuuliza damu yenyewe. Kuna kitu mwilini ambacho baba humrithisha mwana tu, kama ukuhani ulivyorithiwa. Mwaka wa 1997 wachunguzi wa Israeli, Uingereza na Marekani walitangaza matokeo ya kupima wanaume 188 wa Kiyahudi. Waliona kwamba waliojiita makohen, wawe wa Ulaya ya Mashariki au wa uzao wa Hispania, walifanana wao kwa wao kuliko walivyofanana na Wayahudi wengine. Magazeti yalipiga vigelegele kana kwamba Haruni mwenyewe amepatikana. Sisi twasema pole pole. Uchunguzi mkubwa zaidi wa mwaka wa 2009 ulionyesha kwamba asilimia 46 hivi ya makohen wana mstari mmoja wa baba, wa zamani sana. Waliobaki wana mistari mingine. Si jambo dogo kwamba karibu nusu ya watu waliotawanyika hivyo wameshika mstari mmoja. Lakini damu haina sahihi ya Haruni.

Hata hapa Congo jambo hili lina jamaa zake. Wayahudi wengi waliofanya biashara Katanga katika karne iliyopita walitoka kisiwa cha Rodi. Wazee wao walifukuzwa Hispania mwaka wa 1492, wakapokewa katika milki ya Waturuki, na nyumbani waliendelea kusema Kihispania chao cha kale. Mwalimu wao mkuu wa dini, Moïse Levy, alikuja Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka wa 1937. Jina lake nalo ni la kabila la Lawi, waliowasaidia makuhani hekaluni.

Julai 1944 Wajerumani waliwakamata Wayahudi waliobaki Rodi, watu kama 1,700, wakawapeleka Auschwitz kwa meli na kwa treni. Waliookoka hawakuzidi sana 150. Jamaa waliokuwa Afrika walibaki kuuliza nani yu hai. Hapo jina la jamaa peke yake halikutosha. Kwa desturi ya Wayahudi wa Hispania, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba. Ndugu watano wakizaa wana, watoto watano wataitwa kwa jina lile lile la babu na jina lile lile la jamaa, nao wanakaa mtaa mmoja! Ukisikia kwamba fulani amepona, ni yupi kati yao?

Kwa hiyo huko Yerusalemu, katika nyumba ya kumbukumbu ya Yad Vashem iliyoanzishwa mwaka wa 1953, karatasi wanayojaza jamaa za marehemu haiulizi jina la jamaa tu. Yauliza jina la baba, la mama, la mke au mume, jina la msichana kabla ya kuolewa, mji wa kuzaliwa, na udugu wa yule anayeandika. Majina hayo yaliwekwa katika intaneti mwaka wa 2004. Muda mfupi baadaye vijana wa familia moja ya Israeli walitafuta humo jina ambalo bibi yao aliitwa kabla ya kuolewa. Wakakuta karatasi iliyotoka Kanada, iliyoandikwa na kaka yake, kwamba dada huyo aliuawa vitani. Walimwonyesha bibi karatasi ya kifo chake mwenyewe. Mwaka wa 2006, baada ya miaka 65, kaka yake mwingine alipanda ndege kutoka Kanada akaja kumkumbatia.