Paka mkubwa anapomvamia mdogo: mchezo, ugomvi na mikono ya mwanao

Pengine paka wako wa kwanza ana miezi mitano au sita, na juzi watoto wamerudi kutoka chuoni na mwengine, mdogo wa kuenea kiganjani, waliyemkuta akilia karibu na soko la Darajani. Siku ya kwanza paka hawa wawili walitunishiana migongo tu. Sasa mkubwa anamrukia mdogo kila akitoka chini ya kitanda, anamkaba shingoni na kumpiga mateke kwa miguu ya nyuma, na mdogo analia. Mwanao anakimbilia kuwaachanisha kwa mikono.

Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu mara nyingi anayetoka na jeraha la maana ni yule mtoto aliyeingiza mkono. Katika maelezo haya "mkubwa" na "mdogo" ni paka. Mtoto wako tunamwita mwanao.

Kwa nini wanacheza kwa nguvu hivyo

Mchezo wa paka ni mazoezi ya kuwinda na kupigana. Kunyatia, kurukia, kuuma shingo, kukumbatia kwa mikono na kupiga mateke: yote hayo ni ya kawaida, na mama wa paka haishughuliki nayo. Kuanzia wiki ya nne hivi paka wa tumbo moja huanza kuchezeana, na humo hujifunza kipimo cha kuuma. Ukimuuma ndugu yako sana, hupiga kelele na mchezo unakwisha. Mama yao naye huwakanya. Somo hilo linahitaji angalau mpaka wiki ya nane, na likifika ya kumi na mbili ni bora zaidi.

Paka wengi wa Mji Mkongwe hawalipati. Huzaliwa kwenye magofu, juu ya dari za maduka au karibu na soko la samaki la Malindi, wakaokotwa wakiwa bado wananyonya. Paka aliyelelewa peke yake tangu wiki ya tano, akichezeshwa kwa vidole vya watu, hukua bila kujua meno yake yana nguvu gani. Kwa hiyo usiharakishe kusema mkubwa wako ana wivu au ana roho mbaya. Huenda hakufundishwa tu.

Halafu kuna uzito. Katika miezi ya mwanzo mtoto wa paka huongezeka kiasi cha gramu 100 kwa wiki. Wa wiki nane hajafika kilo moja; wa miezi mitano ameshafika mbili au zaidi, na meno yake ya utoto yanang'oka kupisha ya ukubwani. Ni kama kijana wa sekondari kupigana mieleka na mtoto wa skuli ya maandalizi. Hata kama nia ni mchezo, mmoja ataumia asipoangaliwa.

Utajuaje kama ni mchezo

Sikiliza kwanza. Mchezo huwa kimya, labda mlio mfupi mmoja mmoja. Ugomvi una mngurumo mrefu, kufoka na mayowe. Kisha tazama zamu: leo huyu yuko chini, baada ya dakika yuko juu, huyu anafukuza, kisha anafukuzwa. Wanaocheza hupumzika katikati, hujilamba, halafu huanza tena. Makucha hubaki ndani. Masikio yakilala nyuma kabisa kwenye kichwa, mkia ukawa kama brashi na mmoja akajaribu kukimbia kila mara huku mwengine hamwachi, huo si mchezo tena.

Ukiwa na shaka, fanya jaribio hili. Wakati wametulia kidogo, mzuie mkubwa kwa kuweka sinia au mto kati yao, usubiri nusu dakika. Mdogo akirudi mwenyewe kumtafuta mkubwa na kumrukia mkia, waache waendelee. Akiutumia mwanya huo kukimbilia chini ya kabati, amechoka au ameogopa, na ni kazi yako kuwatenga kwa muda.

Angalia pia mambo ya nje ya mchezo. Mdogo anakula? Anatoka mwenyewe kwenda kwenye mchanga wake, au anakojoa pale alipojificha? Mpime kwenye mizani ya jikoni kila wiki. Mdogo asiyeongezeka uzito kwa wiki nzima ana tatizo, liwe ni woga, minyoo au maradhi.

Mkono usiingie

Paka aliye katikati ya purukushani hachagui anachouma. Mwili wake umepanda moto, na chochote kinachomgusa anakichukulia kuwa ni adui. Hata paka mpole anayelala na mwanao kila usiku anaweza kumuuma wakati huo, na anaweza kubaki hivyo dakika nyingi baada ya wote wawili kunyamaza. Usimbebe mara tu baada ya ugomvi.

Badala ya mkono, tumia kitu. Sinia pana au mto uliosukumwa kati yao hutosha mara nyingi. Kanga iliyotupwa juu ya mkubwa humfanya asimame apapatike, na mdogo hupata nafasi ya kukimbia. Piga makofi mara moja kwa nguvu. Kumpiga mkubwa kwa ndara au kummwagia maji hatukushauri, si kwa huruma peke yake: paka haunganishi kipigo na kosa lake, huunganisha na kilichokuwa mbele yake, yaani yule mdogo. Kesho atamchukia zaidi.

Mwanao mfundishe sentensi moja tu, kwa sababu sheria nyingi watoto husahau: "Paka wakigombana, mimi napiga makofi na kumwita mtu mzima." Aliye chini ya miaka mitano asiachwe peke yake na paka hawa mpaka wazoeane. Na vidole visiwe mchezo. Kumchezesha paka kwa mkono kunafurahisha akiwa wa wiki sita. Akiwa wa miezi sita ni yeye yule, ila na meno mengine.

Panga nyumba kabla ya kupanga tabia

Mdogo aliyetoka nje akae chumba chake kwa wiki mbili za mwanzo. Sababu ya kwanza ni maradhi: kuna ugonjwa wa virusi wa kutapika na kuharisha unaoua paka wadogo ndani ya siku chache, na mkubwa asiyechanjwa anaweza kuupata. Sababu ya pili ni harufu, kwani paka humjua mwenzake kwa pua kabla ya macho. Chukua kipande cha kanga kuukuu, mfute nacho mkubwa mashavuni, kiweke anapolala mdogo. Kingine fanya kinyume chake. Baadaye wape chakula pande mbili za mlango uliofungwa. Wakila bila kufoka, fungua mlango kidogo, dakika chache kila siku, ukiwapo.

Wakishaanza kukaa pamoja, mdogo anahitaji pa kukimbilia ambapo mkubwa hapiti. Chukua boksi la katoni, litoboe tundu dogo kuliko kichwa cha mkubwa, ligeuze juu chini pembeni mwa chumba. Hiki kitu cha bure kinaondoa nusu ya tabu. Nyumba zetu za ghorofa zenye ngazi nyembamba zina ubaya mmoja: mkubwa akikaa katikati ya ngazi, mdogo hana njia. Basi weka chakula na mchanga juu na chini, si sehemu moja. Paka wawili wanahitaji mabeseni matatu ya mchanga, na sahani zao zisikae bega kwa bega.

Kisha mchoshe mkubwa. Nguvu anazommalizia mdogo ni nguvu za kuwinda zisizo na pa kwenda. Funga kitambaa kwenye kijiti kirefu, kiburute sakafuni kama panya, mwache akimbize na mwishowe akikamate. Dakika kumi alfajiri na kumi baada ya Magharibi, kwani hizo ndizo saa ambazo paka huchangamka. Mpe chakula mara tu baada ya mchezo, naye atajilamba na kulala. Uzi, sufi na mipira ya nywele usiviache ovyo: paka akimeza uzi unaweza kumkata utumbo. Usiku, kwa wiki za mwanzo, walale vyumba mbalimbali.

Punguza ncha za kucha za wote wawili kila baada ya wiki mbili hivi. Kata ile ncha nyeupe tu. Sehemu ya waridi ina damu. Na mkubwa akiwa dume anayekaribia miezi sita, muulize daktari wa mifugo kuhusu kumhasi, maana ukali wa kiume huanza hapo. Jike naye asisahauliwe, anaweza kubeba mimba tangu miezi minne.

Mdogo akiumia

Jeraha la meno ya paka ni tundu dogo linalojifunga haraka na kufungia uchafu ndani. Siku mbili tatu baadaye unaona uvimbe wa moto, paka hali, analala tu. Huo ni usaha, na anahitaji daktari wa mifugo. Usimpe panadoli, hata robo ya kidonge: parasetamoli huharibu damu ya paka na inaweza kumuua. Dawa za viroboto za mbwa zenye permethrini nazo ni sumu kwake.

Mwanao akiparuzwa au kuumwa

Anza na maji. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, ya mfereji au ya kumiminwa kwa kata, kwa dakika 15 kamili. Ni muda mrefu kuliko unavyodhani; tazama saa. Usipake majivu, manjano, dawa ya meno wala mafuta ya taa, na usilifunge kwa kulibana.

Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo ikiwa ameumwa na meno, hasa mkononi, usoni au kwenye kiungo, au ikiwa mparuzo ni wa kina. Kidonda cha meno ya paka kinaweza kuvimba na kuwa chekundu ndani ya saa 24, na mkononi maambukizo huweza kufika kwenye kano na mifupa. Chukua kadi yake ya kliniki ili waone chanjo ya pepopunda.

Eleza pia huyo paka ni wa wapi. Kichaa cha mbwa huletwa zaidi na mbwa, lakini paka aliyeumwa na mnyama mgonjwa hukipata na kukiambukiza, na dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna tiba. Kisiwani Pemba chanjo za mbwa zilizoanza 2010 zilipunguza sana ugonjwa huu, kisha ukarudi 2016 kabla ya kudhibitiwa tena, kwa hiyo hatuuhesabu kuwa umepita. Paka mzima wa nyumbani huangaliwa kwa siku 10. Akiugua au kufa, mjulishe daktari na ofisi ya mifugo mara moja. Aliyeokotwa wiki hii hana historia. Wewe usisubiri hizo siku 10 ndipo uende: anayeamua kuhusu chanjo ni mhudumu wa afya, na huamua mwanzoni.

Mparuzo uliopona nao usiusahau haraka. Kati ya wiki moja na tatu baadaye mwanao anaweza kupata homa na tezi kuvimba kwapani au shingoni, upande ule ule aliparuzwa. Ni maradhi ya bakteria yanayoenezwa na viroboto vya paka, hasa paka wadogo. Kwa kawaida hupoa, lakini mtajie daktari ule mparuzo, maana mwenyewe hatouona.

Ikiwa una mimba

Huna haja ya kuwafukuza paka. Vijidudu vya toksoplazma vinavyotoka kwenye kinyesi cha paka huchukua siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza, hivyo mchanga ukisafishwa kila siku hatari hupungua sana. Mpe kazi hiyo mtu mwengine. Kama hakuna, vaa glavu na osha mikono kwa sabuni, na nyama ipikwe ikaiva vyema, kwani maambukizo mengi huingia kwa njia ya chakula.