Magari ya Kusukuma ya Mombasa

Kabla ya matatu, kabla hata ya teksi, Mombasa ilikuwa na reli yake ya mjini, na injini zake zilikuwa watu.

Ilizaliwa na mradi uliokwama. Mwaka 1890 kampuni ya Imperial British East Africa, ya William Mackinnon, ilianza kutandika reli nyembamba kuelekea bara na kuipa jina zito: Reli ya Afrika ya Kati. Jina lilikwenda mbali kuliko vyuma. Kilomita 11 hivi tu, fedha zikakatika, na wazungu wa kampuni wakabaki kuitumia kwa matembezi. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa mwaka 1896 ilikuwa ya upana wa mita moja, haikuwa na haja na vyuma vya futi mbili. Mji ukavipokea.

Njia kuu ilitoka Government Square, karibu na forodha ya bandari ya zamani, ikakata kisiwa hadi Kilindini. Humo njiani ilichipuza matawi yaliyoingia moja kwa moja kwenye nyumba za maofisa, hivyo bwana mkubwa aliweza kupanda gari barazani kwake na kushukia ofisini bila kukanyaga vumbi. Wenye vyeo walikuwa na magari yao binafsi. Wageni walioshuka melini walikodi.

Gari lenyewe halikuwa na makuu: jukwaa dogo juu ya magurudumu manne, kiti cha watu wawili, na paa jepesi la kukinga jua. Nyuma walisimama vijana wa Kiswahili, wakilisukuma huku wakikimbia katikati ya reli. Penye mteremko waliruka wakadandia, gari likashuka lenyewe. Penye mwinuko jasho lilikuwa lao peke yao. J. H. Patterson, yule aliyewaua simba wala watu wa Tsavo, aliyakuta magari haya mwaka 1898 na kuyaeleza kitabuni mwake. Abiria wa namna yake waliandika sana juu ya safari hizo. Waliosukuma hatujaachiwa hata jina moja, nami naona hilo ndilo pengo kubwa kuliko yote katika historia hii, maana bila wao palikuwa na vyuma tu vilivyolala juani.

Huduma hii haikuuawa na hasara wala ajali. Mapema miaka ya 1920 motokaa zilizidi, zikahitaji barabara pana zisizo na reli katikati, na maofisa wale wale waliokuwa na magari ya kusukuma wakawa wa kwanza kuyaacha. Reli ziking'olewa, biashara nayo ilikuwa inahama kutoka bandari ya zamani ya majahazi. Mwaka 1926 gati za maji marefu zikafunguliwa Kilindini, na mizigo ikaanza kutoka melini kuingia moja kwa moja kwenye mabehewa ya kwenda bara.